Alichofichwa Baba Yangu

Mpaka leo nikisikia michi ikitwanga mahali na hakuna anayezungumza, moyo wangu unashtuka. Wanawake wa kwetu, kwenye mteremko wa Uluguru juu ya Mkuyuni, hawakujua kutwanga kimya. Walitwanga huku wakisengenya, wakitaniana na kuimba, na mpunga wa mlimani ulitoka kwenye maganda yake katikati ya vicheko. Lakini katika msimu ninaotaka kuusimulia mazungumzo yalikuwa yakikatika ghafla, ikabaki michi peke yake, du, du, du, mpaka mtu mmoja apite njiani na kutokomea nyuma ya migomba. Mtu huyo alikuwa baba yangu. Walimwamkia kwa heshima zote, naye akaitikia, akauliza habari za watoto na za shamba, akaambiwa njema. Alipokwisha kupita, maneno yalirudi, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa msichana mdogo, lakini wa kutosha kubebeshwa kuni na siri, na nilijua kwa nini walinyamaza.

Ulikuwa wakati wa vita, Mjerumani akiwa bado anatawala. Vita vyenyewe hatukuviona; tulichoona ni watu kupungua. Askari walipanda kutoka bondeni wakiongozana na jumbe, wakitafuta wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Waliokamatwa walifungwa kamba moja shingoni, wakateremshwa kwa mstari, na wengi wao hatukupata tena habari zao, hata za kaburi. Kwa hiyo wanaume wa kwetu walipanda juu, kwenye msitu ambako ukungu hauondoki mpaka jua liwe la utosi, wakalala kwenye mapango na chini ya miti iliyoanguka. Hawakuthubutu kuwasha moto kwa kuogopa moshi. Wake zao na dada zao waliwapelekea magimbi ya kuchemsha na ndizi za kuchoma, zimefunikwa kwa majani ndani ya vikapu, kana kwamba wanakwenda kuchuma mboga. Miongoni mwa waliokimbilia huko alikuwa Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na shamba tulilolima lilikuwa la ukoo wake. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yetu, na angekamatwa, nyumba zote za ukoo zingebaki bila msemaji.

Baba alikuwa mwalimu wa dini. Hawakumchukua kwa sababu alikuwa mtu wa misheni, tena kifua chake kilikuwa kibovu, akikohoa utafikiri mbavu zinaachana. Alitufundisha katekisimu ndani ya kibanda cha nyasi tulichokiita kanisa, na akifika kwenye amri ya nane, usiseme uongo, alikuwa akisimama, hata kama amechoka. Aliishi kama alivyofundisha. Siku moja mbuzi waliingia kwenye maharage ya jirani, na jirani akamshuku mtu mwingine kabisa; baba alikwenda mwenyewe kusema, "Ni mbuzi wangu, nimeona nyayo zao." Mama alilalamika wiki nzima. Watu walimpenda kwa tabia hiyo, na tabia hiyo hiyo iliwachosha. Hata akida wa bondeni, ambaye hakuwa Mkristo na hakutupenda sana, alikuwa akisema kwamba mwalimu yule wa mlimani akishasema neno, shauri limekwisha.

Ndipo wanawake walipokubaliana, bila kikao wala kupiga kura, kwamba baba asijue. Asiyejua hawezi kusema, na asiyesema uongo ataaminiwa. Mama alimwambia kuwa Mjomba amekwenda Kingolwira, kule reli inakopita, kutafuta chumvi. Kisha akanivuta nyuma ya nyumba, akanishika kidevu. "Baba yako akikuuliza, umesikia hivyo hivyo. Kingolwira. Siyo kwamba hatumpendi. Sisi tumekwisha kuchafuka, mwanangu. Nataka mmoja wetu abaki safi, awe wa kutuombea."

Mpango wao ulifaulu. Askari walikuja asubuhi moja, wakamkuta baba anafagia mlango wa kanisa. Shaushi wao, yaani sajini, mtu mnene aliyekuwa anahema kwa kupanda, alimwuliza wanaume wako wapi. Baba akajibu, "Wanaume wa hapa siku hizi siwaoni. Shemeji yangu naambiwa amekwenda Kingolwira. Zaidi ya hapo sijui." Shaushi alimtazama usoni kwa muda, akageuka kwa wenzake. "Huyu hasemi uongo. Twendeni." Walipotelea chini, na mama alikamata kuku. Mchana baba aliinamia sahani yake akauliza, "Leo kuna sikukuu gani?" Mama akasema, akimwita kwa jina langu, "Kula, Baba Veronika, kuku alikuwa mgonjwa." Nilimwona baba akitafuna polepole, na nikajua kwamba hata hilo hakuliamini. Nadhani alikuwa ameanza kuusikia ule ukimya wa michi.

Muda mfupi baadaye alifariki bibi mmoja wa jirani, na watani walikuja mazikoni kama desturi ilivyotaka. Wasomaji vijana huenda hawajui uzito wa utani wa koo zetu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya maiti, akakuvua kofia, akakuambia lile ambalo ndugu yako hathubutu, na wewe ukikasirika umejiaibisha. Mtani wa baba alikuwa Bi Mwajuma wa Mkuyuni, mwanamke wa Kiislamu, mwembamba, mwenye sauti kama filimbi. Alipomwona baba anakuja alitandaza mikono njiani.

"Mpisheni Mwalimu! Nyamazeni wote, msije mkampaka matope!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akasema, "Nipishe, mchawi wewe, leo hukuoga."

"Mimi sikuoga, lakini wewe unaogeshwa kila siku," akajibu Bi Mwajuma. "Mkeo anakudanganya asubuhi, watoto wanakudanganya mchana, jirani anakudanganya jioni, ili wewe usiku ulale mweupe! Haya, Mwalimu, Mungu wako akiita, utakwenda peke yako peponi, na sisi wafuaji wako tutabaki huku na ndoo zetu!"

Kicheko kilianza, kikafa. Wanawake walitazama chini. Baba aliendelea kutabasamu, maana ilimlazimu, akatoa kitu mfukoni akampa mtani wake kama desturi, kisha akaongoza sala ya mazishi mpaka mwisho bila kukosea. Lakini niliona kwamba macho yake hayakuwa kwenye kaburi. Yalikuwa kwa mama.

Tulipofika nyumbani hakukaa. "Kaka yako yuko wapi?" aliuliza.

"Kingolwira."

"Mama Veronika. Yuko wapi?"

Mama alianza kulia. "Ukijua, utasema. Ndivyo ulivyo. Watakuuliza nawe utasema, na kamba itakuwa shingoni mwake. Ni kaka yangu mmoja tu."

"Na nisipojua, wewe utanidanganya mpaka lini? Na huyu mtoto?" Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Mimi ndiye ninayemfundisha."

Kikapu cha siku ile kilikuwa nyuma ya mtungi, tayari kimefunikwa. Baba alikitazama, akakinyanyua, akaniambia, "Nionyeshe njia." Tulipanda pamoja, akipumzika kila penye jiwe la kukalia, akikohoa ndani ya kanzu yake ili sauti isiende mbali. Ukungu ulitulowesha kama mvua. Mjomba alipotokeza kwenye mdomo wa pango, ndevu zimemjaa, hakumwamkia shemeji yake. Alinigeukia mimi. "Umemleta huyu? Mmeniua." Baba aliweka kikapu chini. "Kula kwanza, shemeji," alisema. "Ndizi zinapoa." Mjomba akamwuliza kwa hasira, "Wakija, utawaambia nini?" Baba alivuta pumzi yake ya shida mara kadhaa. Mwishowe akasema kwamba hajui bado, na kwamba angependa Mjomba amwombee. Sijasahau jinsi Mjomba alivyoduwaa. Hakuwa amebatizwa, na hakuna mwalimu aliyewahi kumwomba sala.

Askari walirudi kabla mpunga haujavunwa. Safari hii walikuja wengi na wenye haraka, kwa kuwa vita vilikuwa vinawaelemea. Walitukusanya mbele ya kanisa, na shaushi yule yule akasema kwa sauti ili wote tusikie, "Sitawauliza ninyi. Namwuliza Mwalimu. Shemeji yako amerudi?"

Mama alikuwa amenishika bega, na kucha zake ziliniingia.

"Hajarudi," baba alisema. "Yuko Kingolwira."

"Hujamwona?"

"Sijamwona."

Shaushi alitikisa kichwa, akawaambia wenzake wateremke, wasipoteze nguvu kwa kupanda. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama, ambaye aliombea jibu lile kwa siku nyingi, alikaa chini kwenye vumbi akalia kama aliyefiwa. Baba alichukua ufagio wake, akamaliza kufagia.

Tangu siku hiyo mazungumzo hayakukatika tena alipopita. Wanawake walimsimulia hadi mambo asiyopenda kuyasikia. Bi Mwajuma alipokutana naye sokoni alimpa mkono, akasema, "Karibu duniani, Mwalimu," na baba akacheka kicheko cha kweli mpaka kifua kikambana. Lakini siku Padre alipokuja kutusomea Misa, baba alipanga watoto kwa ajili ya komunyo, kisha yeye akabaki nyuma, ukutani, pamoja na watu waliokuwa hawajaungama. Alibaki hapo muda mrefu, hata baada ya Mjerumani kuondoka na Mjomba kushuka mzima kutoka msituni. Aliniambia baadaye kwamba kuungama ni kujuta, na kila alipomwona Mjomba analima alishindwa kujuta. Alimwachia Mungu. Alipofika amri ya nane aliendelea kuifundisha vile vile, neno kwa neno, ila alikuwa anaifundisha akiwa amekaa.

Sasa mimi ni mzee kumpita yeye alivyokuwa alipofariki. Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa na kwa wajukuu wanaonitunza hapa Morogoro mjini. Siku hizi sukari haipatikani. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri na kurudi na mifuko mitupu, na sabuni ni vivyo hivyo, na wanaonunua kwa ulanguzi wanafungwa. Nyumbani kwetu sukari ipo. Nikiingia jikoni, mjukuu wangu na mkewe wananyamaza, kisha mmoja anasema, "Shikamoo Bibi, umeamkaje?" Niliwahi kuuliza sukari inatoka wapi, wakaniambia imeletwa na rafiki. Mke wa mjukuu wangu alinishika mkono kwa upendo, akasema, "Wewe Bibi usihangaike na mambo haya. Wewe tuombee tu."

Najua ukimya huo. Najua pia kwamba ningeweza kusimama pale jikoni nikauliza mara ya pili, kwa jina, kama baba alivyouliza, halafu nikabeba nami sehemu yangu ya jibu. Asubuhi huwa najiambia nitauliza leo. Lakini magoti yananiuma, watoto wananipenda, na siku inapita. Wananiletea kikombe kibarazani, wananifunika miguu kwa khanga. Nashika rozari yangu, nawaombea mmoja mmoja kwa majina yao, na chai ni tamu.