Televisheni ya Anayekaa Pembeni

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna suruali wala gauni lililowahi kutoka mikononi mwake kisha pindo likafumuka. Cherehani yake ilikaa dirishani, penye mwanga. Televisheni ilikuwa imebanwa ukutani, ikilitazama kochi. Sebule ilipangwa hivyo tangu enzi za mumewe. Mume alipofariki, kaka mkubwa wa Mama Pindo, dereva wa lori aliyestaafu, alikuja kumliwaza dada yake, akalikalia lile kochi, na hakunyanyuka tena.

Kwa hiyo Mama Pindo alizoea kuiangalia televisheni kwa upande. Kutoka pale alipokaa, watu wote walikuwa na nyuso za kijivu, wakicheka na wakilia kwa namna moja. Cherehani ikilia, hata maneno hakuyapata.

"Amekufa nani?" alikuwa akiuliza katikati ya tamthilia.

"Usijali, hakuwa mtu muhimu," kaka alikuwa akijibu bila kugeuka.

Siku televisheni ilipozimika katikati ya mechi na kutoa harufu ya waya ulioungua, kaka alishika kichwa. Mama Pindo alikata uzi kwa meno, akasema, "Ijayo nitaichagua mimi."

"Ya nini kujisumbua? Tununue kubwa. Pesa zikipungua, nitaongeza."

"Hapana, kaka. Ukiongeza, rimoti itakuwa yako milele."

"Kwani sasa ni ya nani?"

Hilo lilimchoma kuliko sindano. Tangu hapo, kila alipongoja pasi ipate moto, alifungua simu na kusoma maoni ya wanunuzi. Akiba aliyojiwekea ingetosha kununua televisheni kubwa ya ovyo au ndogo ya maana. Wenye kusifu aliwapita haraka. Wateja walikwisha kumfundisha: aliyeridhika husema "nzuri" akaenda zake, aliyekereka hukuonyesha mahali penyewe, kwapani au kiunoni. Basi akawatafuta waliokereka. Huyu televisheni yake ilifika na ufa, yule ya kwake miguu inayumba, mwingine aliilaumu kwa sababu timu yake ilifungwa. Lakini wote hao walikuwa wamekaa mbele. Pembeni hapakuwa na mtu.

Mpaka alipokutana na mama mmoja aliyeandika kwa hasira: "Sauti ni ya mbu ndani ya chupa. Nikiwa jikoni namwona kila mtu vizuri kabisa, lakini simsikii hata mmoja." Akaipa nyota mbili.

Mama Pindo alisoma tena, taratibu, kama mtu anayesoma salamu zake mwenyewe. Namwona kila mtu vizuri kabisa. Pasi nusura iunguze kola ya watu.

"Nyota mbili!" kaka alicheka alipoonyeshwa. "Na ni ndogo hivyo! Mchagua jembe si mkulima, dada."

"Mchagua sindano ndiye fundi, kaka."

Walikwenda dukani pamoja. Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai fupi, aliwapeleka moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote ambazo Mama Pindo angeweza kuzimudu. "Simama hapa katikati, mama. Hapa ndipo utamu ulipo."

Mama Pindo hakusimama katikati. Alivuta stuli mpaka kwenye kona ya mafriji, akakaa, akageuza shingo. Mtangazaji wa habari alikuwa amepauka kama kanga iliyosahauliwa juani.

"Mama, televisheni haiangaliwi hivyo!"

"Kwangu inaangaliwa hivi."

"Huko zinakaa friji tu."

"Basi mimi na friji tumeona kitu kimoja. Niwashie ile ndogo."

Ile ndogo ikawaka. Mwanamke fulani alikuwa amesimama mlangoni akilia, na kutoka kwenye kona ya mafriji Mama Pindo aliliona chozi likishuka, likisita kwenye shavu, likishuka tena.

"Dada, watu watatucheka," kaka alinong'ona. "Niongeze kidogo tu."

"Wakinicheka nitawaona vizuri. Bura yangu sibadili na rehani. Bwana, nifungie hii."

Jioni hiyo ilikuwa tayari ukutani. Sare za shule zilikuwa zikimngoja, naye akaanza kushona. Kaka alinyoosha shingo kutoka kochini.

"Haisikiki! Simamisha hiyo cherehani."

"Sauti yake nilisoma habari zake mapema."

"Ulijua? Ukanunua hivyohivyo?"

"Nilijua. Wewe miaka yote umeona na umesikia, kaka. Sasa chagua kimoja; mimi nilikuwa nikikosa vyote viwili."

"Mimi ni kaka yako mkubwa!"

"Ndiyo, kaka. Heshima yako iko palepale. Na kiti kiko hapa karibu na televisheni, ukitaka kusogea usikie."

Hakusogea. Mama Pindo naye hakumngoja. Aliinua macho kwenye zile nyuso zenye rangi zao zote, akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga pedeli kwa nguvu.