Upande wa Nyuma wa Shuka

Juzi nilikwenda Kagugu kwa binti yangu, nikawakuta wajukuu wakitazama kwenye simu mtu aliyebeba ngazi: kila akigeuka, anamgonga mwenzake kichwani. Walicheka hadi machozi. Wewe uliyekulia Biryogo kama mimi, labda ungekumbuka nilichokikumbuka: ua wetu, na jirani yetu fundi cherehani.

Bibi alikuwa amemaliza eda ya babu, lakini alibaki chumbani. Hasemi, na uji anaurudisha kama ulivyopelekwa. Mama alianza kunong'ona na shangazi, nami nikajua wanaogopa kushona sanda nyingine.

Jioni moja baada ya isha, fundi alitundika shuka mpakani mwa ua wake na wetu, akaonyesha sinema ya kuazima. Haikuwa na sauti, kwa hiyo yeye mwenyewe aligonganisha vibao viwili kila mtu alipopigwa au kuanguka. Paa! Bibi, akiwa mlangoni pake, aliiona kwa upande wa nyuma wa shuka. Hakukosa kitu. Anguko ni anguko, hata likigeuzwa.

Ghafla tukasikia sauti tuliyoanza kuisahau.

"Yoo! Pole, baba! Umeumia?"

Ua mzima ukageukia mlangoni pake.

"Bibi, huyo haumii," fundi akajibu. "Ni mchezo tu."

"Mchezo gani, na kichwa kimelia hivyo?"

"Kilicholia ni vibao vyangu!"

"Basi piga polepole, mgomvi we!"

Yule mtu akainuka, akapangusa suruali, akaanguka tena. Bibi akacheka mpaka akashikilia mlango. Kisha akamwambia mama, bila kugeuka, "Nipe uji." Aliunywa amesimama, asije akapitwa.

Mwalimu wetu wa chuoni alituambia baadaye kwamba wachekeshaji wa zamani sana, huko ng'ambo, walitembea na vibao kama vile: kelele nyingi, maumivu hakuna. Nimeliwaza hilo miaka mingi. Nadhani hatucheki kwa sababu mtu ameanguka. Tunacheka kwa sababu tunamwona akiinuka, mzima.

Ua ule haupo tena, pamejengwa ghorofa. Fundi tulimzika kitambo. Bibi aliishi hata akapiga vigelegele harusini kwangu, alhamdulillahi. Ninapozitaja neema za Mungu, humtaja na yule mtu wa kwenye shuka. Jina lake silijui. Mungu analijua.