Binti Aliyeogopa Usingizi

Alikuwa na miaka sita baba yake alipojilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, asiamke tena. Wakubwa wakamwambia baba amelala. Wakubwa nao, kwa kutafuta maneno laini, wana balaa! Mtoto akalishika neno hilohilo: kumbe mtu akilala ndiyo basi.

Tangu hapo nyumba haikupata raha. Mama akisinzia tu kwenye kochi, anavutwa kidole. Kaka akikoroma anatikiswa. Akinyamaza anatikiswa zaidi. Wakambandika jina la Saa Mbovu, maana alilia saa yoyote ile. Shuleni mwalimu alipouliza kila mmoja anataka kuwa nani, wenzake walitaja urubani na uwakili. Yeye akasema mlinzi wa usiku, kwa sababu huyo analipwa ili asilale. Darasa zima likaangua kicheko.

Mama alitaka awe mwalimu. Yeye akaenda kusomea uuguzi, kwani hospitalini daima kuna mtu aliye macho. Siku ya kwanza kuingizwa chumba cha upasuaji, wanafunzi wenzake wote walikikodolea macho kisu. Yeye alimwona mtu aliyesimama kichwani mwa mgonjwa, ambaye kazi yake ilikuwa kumlaza, kumlinda pumzi kwa pumzi, kisha kumwamsha. Kumwamsha! Aliitamani kazi ile mpaka mate yakamdondoka, na aliiogopa vilevile.

"Kazi zote hizi duniani," mama akasema, "wewe ukachagua kulaza watu?"

"Kuamsha, mama."

"Haya, Saa Mbovu. Mungu akusaidie."

Usidhani woga ulimwisha alipohitimu kazi hiyo ya usingizi. Mikono ilijifunza kutulia. Lakini kila mgonjwa aliyefumba macho alimtia kiwewe upya. Waliomwita jasiri hawakumjua.

Kisha, miaka mingi baadaye, mama yake akaletwa hapohapo hospitalini, utumbo umejikunja, anaweweseka kwa maumivu. Watu wa usingizi wana mwiko wao: humlazi mtu wa kwenu. Lakini mwenzake wa zamu alikuwa chumba cha pili na mzazi anayevuja damu, na utumbo ule haukuwa wa kungoja.

"Ni wewe, au tumkose," daktari wa upasuaji alimwambia.

Akavaa kofia na barakoa, yakabaki macho tu. Akasukuma dawa. Kope za mama zikashuka, naye akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Dawa ikafungwa, mama akaanza kupumua mwenyewe, mpira wa hewa ukatolewa kooni. Mapigo ya moyo mazuri, kila kitu kizuri, ila macho hayafunguki.

"Watu wa umri wake huchelewa kidogo," daktari akasema akivua glavu. "Unalijua hilo."

Alilijua. Alikuwa amewaambia maneno hayohayo ndugu wa wagonjwa wengi, na sasa hayakumfaa hata chembe. Amemlaza yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Mama asipoamka, yeye atamwambia nini kaka yake? Ataanzia wapi?

"Mama! Mama, amka! Fungua macho, mama!"

Ndivyo wauguzi wanavyomwita kila mwanamke mtu mzima pale. Kope zikacheza, zikatulia, zikacheza tena. Mama akafumbua macho, akamtazama yule mwenye barakoa, asimtambue.

"Nesi," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nina binti yangu, anafanya kazi humuhumu. Mtafute umwambie nimeamka. Fanya haraka, mwanangu. Yule ni mwoga sana, atakuwa hajakaa chini tangu niletwe."

"Nitamwambia, mama," akajibu, na barakoa yote ikalowa.