Niliandika shamba ya mama kuwa pori isiyoguswa

Hapana, mukuu uliyeandika kule juu kwamba picha za satelite ni uongo wa wazungu. Satelite haikudanganya. Ni mimi njo nilisoma mubaya, na kidogo tu ninyang'anye mama yangu shamba.

Wakuu wote, habari zenu. Niko Kindu, nilimaliza sekondere, na haya yalinipata mimi mwenyewe. Hata yenye kunitia haya sitaficha.

Iko hivi.

Komite ya pori yetu, kule nyuma ya Mikelenge, ilitaka ramani. Wachague sehemu ambayo hakuna muntu alishakata hata siku moja, waifunge, isilimwe tena.

Mimi nilikuwa nimefanya formasio, mafunzo ya siku tano juu ya picha za satelite. Basi wakanipa kazi.

Mimi ni muntu wa haraka. Nikachukua picha za sasa, nikachukua na za miaka ya vita. Penye iko kijani kwa zote mbili, nikaandika: pori isiyoguswa.

Siku mbili, kwisha! Nikajiona injenieri kabisa.

Papa Sumaili, prezida wa komite, alifurahi sana. Akasema tutatia sinyatire, saini zetu, juma hii hii.

Nikafika nyumbani, nikamuonyesha mama ramani ku telefone.

"Hapa mumefunga njo ku shamba yangu."

"Mama, hapa ni pori. Angalia, kijani tangu vita."

"Eh! Na wakati wa vita, nani alikuwa analima? Satelite yako?"



Wakuu, mufikirie kidogo. Miaka ile watu walikimbia. Wengine walivuka Lualaba, wengine walijificha mbali porini. Shamba za mupunga zikabaki bila muntu, na kwetu hapa miti haingojei, miaka michache tu imefunika yote.

Kijani niliyoona ilikuwa alama ya watu kukimbia!

Na leo ile shamba iko kijani kwa sababu mama aliipumzisha, anataka kuikata tena msimu huu. Mupunga tunaokula unatoka pale. Hatuna pengine.

Kesho yake akanipeleka kule shamba, kwa mguu, mwendo wa karibu masaa mbili. Akanionyesha ngazi, ile michikichi ya mafuta, zimesimama katikati ya miti mingine.

"Ngazi haioti kwenye giza ya pori kubwa. Na sisi tukikata shamba, ngazi tunaiacha. Ukiiona, jua muntu alilima hapa. Sasa uambie satelite yako ije ipalilie."

Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu.

Nikarudi ku machini, ile kompyuta ya formasio, nikatafuta picha za mbele ya vita, wakati watu hawajakimbia. Mawingu. Mawingu. Mawingu tena! Nusu ya siku imepita.

Halafu ikatoka moja safi. Pale pale, kando ya kijito tulichovuka na mama, doa la rangi ya udongo: shamba iliyolimwa.

Nikamuita mama. Akaweka kidole juu yake. Kisha kidole kikatembea ku madoa mengine: "Hii ya Mama Asha. Hii ya ndugu yake. Hawa hawakurudi. Hii ya kwetu."

Yaani alikuwa anaijua ile picha kuliko mimi.

Na iko habari nzuri: upande wa juu wa kijito kuna sehemu kubwa, kijani mbele ya vita, wakati wa vita, na leo. Mama anasema hata babu zake hawakuigusa. Ile njo tutafunga, na hakuna muntu atalala njaa.

Nilichojifunza: picha bila wenye kulima ni nusu ya habari, na haraka yangu itaniumbua siku moja. Munaofanya kazi hii, nyinyi munatofautisha namna gani pori ya zamani na shamba iliyopumzika? Munifundishe. Hata munitukane, nitasoma.

Kesho asubuhi, mbele Papa Sumaili hajaanza kukusanya sinyatire, nitakuwa kwake na mama. Nitaipasua ile ramani mimi mwenyewe mbele ya komite, niseme nilikosea. Kisha nitafungua karatasi mupya, mama ataje shamba moja moja na wenyewe, hata wale hawakurudi, na mimi niandike polepole.