Nguzo Iliyomwitikia Mama

Jumanne, mwezi wa tano. Asubuhi mawingu, mchana jua la upepo.

Naandika hili japo linaniaibisha. Tangu mama apate kiharusi, sauti yake imebaki ya kunong'ona, haivuki mlango. Mimi nashinda shambani kulinda mtama, maana nyani wa hifadhini hawana sikukuu. Basi nilifunga kamba ya manila kutoka kitandani kwake, ikapita dirishani hadi kwenye nguzo ya kibanda changu cha ulinzi shambani, penye makopo ya kutishia tembo. Akitaka kitu anaitikisa, makopo yanalia, nami namtikisia kumjibu kwamba nakuja. Jana niliikaza, ilikuwa imelegea.

Leo nilikuwa mwisho wa shamba nafukuza nyani. Niseme ukweli: nyani walishaondoka, nilikuwa napiga soga na jirani. Niliporudi nyumbani nilimkuta mama midomo imemkauka.

"Uliniitikia," akanong'ona. "Niliitikisa mara tatu, ukajibu zote tatu. Nikasema huyu yuko njiani, nisimsumbue."

Ningeweza kukubali yakaisha. Nikasema, "Sikuwepo, mama."

Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Sasa nani aliitikisa?"

Alipokwisha kunywa maji, nikaenda kusimama kwenye nguzo, mikono nyuma. Mke wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka sokoni, akaichapa kamba mara moja kutoka dirishani. Nikaona kinundu kinatoka mkononi mwake, kinakimbia juu ya kamba, kinagonga fundo, kinageuka kuwa bonde, kinarudi kwake. Kamba yenyewe haikwenda popote. Sikuwahi kuliona hilo kwa sababu kila siku nilikuwa naidaka kamba mara tu makopo yanapolia. Niliishia la saba, labda wasomi wana jina lake.

"Imenigusa," mke wangu akapaza sauti. Kisha akamgeukia mama. "Ni nguzo iliyokuitikia, mama. Ina adabu kuliko mwanao."

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Tukakubaliana: akitikisa mara moja, mimi nitajibu tatu za harakaharaka. Nguzo hurudisha kile ilichopewa tu.

Jua likielekea kuzama, kamba ikatikisika mara moja. Nikajibu tatu, nikakimbia. Hakuhitaji kitu.

"Nilitaka kujua ni nani, baba," akanong'ona.

Tulikula ugali wa mtama na dagaa. Wa mama ulilainishwa kwa maziwa, akaumaliza.