Kiragu wa Pili

Siku niliyomtangaza baba yangu kuwa amekufa ndiyo siku niliyosikia sauti yake tena.

Ilikuwa 2008. Nilikuwa nimetoka chuo na matumaini tele, nikapata kazi kwenye kampuni ndogo ya kutengeneza tovuti huko Parklands.

Tulikuwa tunamalizia tovuti ya matangazo ya vifo. Kazi yangu ilikuwa kuandika maagizo ili kompyuta ifungue ukurasa yenyewe, ijaze fomu, ibofye kitufe cha "Tangaza", tuone kama kila kitu kinafanya kazi.

Fomu ilitaka jina la marehemu.

"Ogutu, nitumie lako?" nikamuuliza jamaa wa meza ya pili.

"Wewe! Nina harusi Desemba, na unataka kunizika saa hii?"

Charmi, aliyetengeneza kurasa zenyewe, hakungoja kuulizwa. "Hata usiniangalie, Kiragu."

Basi nikaandika Ndegwa Kiragu. Baba yangu.

Aliondoka nyumbani Waithaka nikiwa darasa la nne. Alisema anaenda kutafuta kazi. Mama yangu, Wangui, alimtafuta kwa polisi, hospitalini, mpaka mochari. Hakuwahi kuniambia baba amekufa, na hakuwahi kuniambia yuko hai. Kila jioni, kabla ya kufunga geti, alisimama kidogo akiangalia barabara.

Alitaka kujua tu.

Nikaweka picha yake ya pekee, ile ya koti la kijivu. Nambari ya simu nikaweka yangu. Sikuhisi kitu. Ilikuwa kazi.

Kitufe kikakataa.

Nilikiona kwa macho yangu. Kompyuta ilibofya, ikabofya, na tangazo halikuenda.

"Hiyo kitu imekushinda?" Ishan, bosi wetu, aliuliza akipita. "Watu wanaingia kwenye tovuti leo, boss."

Ndipo nikaona. Ukurasa ulikuwa na vitufe viwili vya "Tangaza". Cha juu kilikupeleka kwenye ukurasa wa bei. Cha chini ndicho kilichotuma. Kompyuta ilikuwa inachukua cha kwanza inachokikuta.

Nikaacha kukiita kwa jina. Nikaelekeza kama tunavyomwelekeza mgeni Waithaka, ambako nyumba hazina nambari: ukishapita kisanduku cha kujaza nambari ya simu, kitufe kinachofuata.

Kikabonyea.

"Wee! Imeenda!" Ogutu akapiga meza.

Charmi alikuwa ameganda. "Imeenda wapi? Ishan alifungua tovuti asubuhi. Hiyo iko hewani!"

Charmi alilifuta lile tangazo, lakini tayari watu walikuwa wameliona. Alasiri simu yangu ikalia.

"Wewe ni nani unasema babangu amekufa?" Sauti ya msichana, kali. "Rafiki yangu ameona picha yake kwa internet. Baba anakula hapa mbele yangu!"

Nikasikia simu ikinyakuliwa.

"Ni nani huyo?"

Niliijua sauti kabla haijamaliza.

"Ni Kiragu."

"Kiragu gani? Kiragu yuko hapa, anakula."

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Baba alikuwa ameanza familia upya, na akaanza na jina langu.

Sikulia. Niliangalia kile kitufe cha chini kwenye skrini.

"Kiragu wa Wangui," nikasema. "Wa Waithaka."

Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Kisha simu ikakatwa.

Jioni nilimkuta mama akimenya viazi. Nikamwambia yote, hata kuhusu yule Kiragu mwingine.

"Ako hai?"

"Ako hai, mama."

"Na anakula?"

"Anakula."

Alimaliza kiazi alichokuwa ameshika.

"Basi toa jina lake kwa hiyo mashini yenu."

Akanawa mikono, akaenda kufunga geti. Safari hii hakusimama.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayengoja, mtafutie jibu. Usitafute kwa jina peke yake, uliza huyo mtu amekaa karibu na nani. Na ukishampata, usimfiche anayengoja, hata kama ni habari mbaya. Mletee, kisha umwache afunge geti lake.