Nguzo Inayoachwa Ianguke

Nilikuwa nafua mashuka kwenye meli ya watalii huko kaskazini, pwani ya Alaska. Eish, kila mtu ananiuliza habari za dubu tu. Basi, siku moja tuliposhuka nchi kavu, nilimwona jike mmoja akivua samaki mtoni, na watoto wake wawili pembeni. Nilimpigia Mama simu ya video, yeye akiwa kwenye fleti yetu Umbilo, Durban. Alicheka mpaka akakohoa.

"Iko mama kabisa," alisema. "Ona, watoto wanakula, yeye bado."

Kisha nikamwonyesha nguzo ndefu ya mti, imechongwa nyuso za dubu na ndege. Wenyeji wa pwani ile waliisimamisha kumkumbuka bibi yao. Ilikuwa imeanza kuoza. Mchongaji alinieleza kwamba hawaitengenezi. Wanaiacha mpaka ianguke, irudi udongoni.

Mama alikasirika. "Na watoto wake wako wapi? Mimi musinifanyie hivyo. Mimi nataka simenti, vigae na musalaba."

Sisi watoto wake tulimfanyia. Alipofariki, Wakongo wenzetu walikaa nasi matanga, na kaburi lake likajengwa vizuri kuliko nyumba aliyoikimbia Bukavu. Halafu kila mmoja wetu akarudi alikotoka: Ulaya, Kanada, melini.

Leo nimerudi Durban, nimekwenda makaburini peke yangu. Vigae havina hata ufa. Maua ya plastiki ni yale yale ya siku ya mazishi.

Nimekumbuka swali lake: watoto wake wako wapi? Siku ile, ili aione nguzo vizuri, ilibidi niwaombe watoto na wajukuu wa yule bibi wasogee kidogo.